MASHINE BILA FUNDI NI CHUMA TU

Hotuba iliyosomwa na wajumbe watatu wa reli katika mkutano wa wanachama na wazazi, Karen. Yachapishwa hapa kwa ombi la mkutano.



Katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja, mtunza bustani katika nyumba moja hapa Karen, alisimama akauliza swali. Binti yake amemaliza Kidato cha Nne na kupata alama ya C-. Msichana huyu ataka kujifunza kazi ya kuangalia kompyuta za shule na kuwasaidia walimu kuzitumia. Baba ana ng'ombe wawili kwao, na yu tayari kuwauza wote. Akauliza hivi: "Je, hiyo ni kazi ya kweli, au ni maneno ya vijana tu? Nikiisha kuuza ng'ombe, nitapata nini?" Baadhi yetu walicheka. Yeye hakucheka. Ndipo mkutano ukatuchagua sisi watatu tukaulize, kisha turudi na jibu. Tumerudi.

Kwanza yafaa mjue ni nani wanaosema nanyi. Sisi ni watu wa reli, kazi yetu ni ya spana na mafuta. Tulisoma katika shule za misheni mpaka Darasa la Nane, tukaishia hapo. Katika shule hizo mashine ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kengele: kipande cha reli kilichoninginizwa mtini, kikigongwa kwa chuma. Kwa hiyo hatukuja hapa kujifanya wataalamu wa kompyuta. Tulikwenda kwa matatu namba 24 na namba 111, tukabisha milango ya shule, tukauliza walimu, makarani na mafundi. Twawaambia tuliyoyaona na tuliyoyahakikisha.

Jambo la kwanza ni hili: mashine zenyewe zilikujaje?

Mnakumbuka kwamba mwaka 2013 serikali iliahidi kompyuta ndogo kwa kila mtoto wa Darasa la Kwanza. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa mwaka 2014, na vifaa vilianza kufika shuleni mwaka 2016. Vilivyokuja kwa watoto vilikuwa tableti, ambazo siku hizi huitwa vishikwambi. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta viliungana na makampuni ya ng'ambo kufanya kazi hiyo, vifaa vikaunganishwa humu humu nchini, Eldoret na Juja. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi za serikali zaidi ya 21,000. Ukigawa hesabu hiyo, ni kama vifaa 50 kwa kila shule. Pamoja na vya watoto vilikuja vifaa vya walimu, projekta ya kuonyesha picha ukutani, na seva, yaani kompyuta ya kuweka masomo na kuyagawa kwa zile nyingine.

Hiyo ni kazi kubwa, wala hatutaki kuidharau. Lakini sisi wa reli tulipoisikia tuliuliza swali moja la kikarakana: fundi wa kukaa pale shuleni ni nani? Tukaambiwa hakuna. Walimu walifundishwa kuzitumia, na mafundi wa kuzitengeneza walipaswa kuitwa kutoka mbali. Lakini katika shule ya msingi ya serikali hakukuwa na cheo cha fundi wa kompyuta, kama kulivyo na cheo cha mwalimu.

Ndugu, reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 haikuja peke yake. Zilikuja karakana, matangi ya maji, stoo za vipuli, magengi ya kutunza njia, na watu wa kufundisha wengine kazi. Mwaka 1956 reli ilikuwa na shule yake ya mafunzo hapa Nairobi, na chuo hicho kiko mpaka leo. Hata watu wa posta na simu walifanya hivyo. Kile Chuo Kikuu cha Multimedia mkionacho kwenye barabara ya Magadi kilianza mwaka 1948 kama shule ya kuwafundisha kazi watu wa posta na simu wa Afrika Mashariki. Wazee wale walijua kwamba ukileta injini bila fundi, umeleta chuma tu.

Jambo la pili: tuliona nini mashuleni?

Tulikwenda katika shule moja ya watu binafsi upande huu wa Karen. Pale kuna chumba cha mafundi watatu, na mwanamke mmoja ambaye kazi yake si kutengeneza mashine hata kidogo. Yeye hukaa na mwalimu kabla ya somo, humwuliza ataka kufundisha nini, kisha humwonyesha ni chombo gani kitamfaa na ni kipi kitampotezea wakati. Mara nyingine humwambia, "Mwalimu, somo hili halihitaji kompyuta, tumia ubao." Tulipenda jibu hilo. Fundi mzuri hajui tu kutumia nyundo, ajua na wakati wa kuiweka chini.

Kisha tulikwenda katika shule ya serikali, si mbali sana na hapo. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri. Alitufungulia kabati la chuma lenye kufuli mbili, na ndani mlikuwa na vishikwambi vimepangwa kama vitabu vya sala. Zaidi ya nusu havikuwaka. Havikuibiwa wala havikupigwa chini. Viliwekwa tu, kwa usalama. Betri ya namna ile ikiachwa tupu miezi mingi hufa, na nyingine hufura. Vyombo viliharibika kwa kutunzwa vibaya na watu waliodhani wanavitunza vizuri.

Lakini katika shule hiyo hiyo kuna mama mmoja, karani. Hakuna aliyemfundisha. Aliona walimu wameacha kutumia vyombo kwa sababu shule haina fedha za intaneti kila mwezi. Akajaribu mwenyewe jioni, akagundua kwamba ile seva yagawa masomo yaliyomo ndani yake bila intaneti yoyote. Siku hizi kila Ijumaa huchaji vile vilivyo hai, hufuta vumbi, na Jumatatu darasa moja husoma. Walimu wamemwita fundi. Mshahara wake ni wa karani, na kazi ya pili haina malipo. Ndugu, mama huyu ndiye jibu la swali letu, nusu ya kwanza: kazi ipo. Nusu ya pili ndiyo yenye shida: kazi ipo, lakini cheo hakipo.

Wala msidhani hili ni jambo dogo la anasa. Kumbukeni mwaka 2020. Shule zote zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona. Watoto wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba, wengine wakangoja mpaka Januari 2021. Katika muda huo masomo yalitolewa kwa redio, televisheni na intaneti. Hapa Karen tuliona kwa macho yetu. Ndani ya ua mtoto wa tajiri alimwona mwalimu wake kwenye kioo kila asubuhi. Nje ya ua, katika chumba cha mtumishi, mtoto wa mpishi alikuwa na redio kama betri ipo. Na kule Kuwinda simu ya baba ilikwenda kazini na baba. Ukuta ni mmoja, na watoto walitofautiana kwa muhula mzima na zaidi. Kila siku kabati lile linapokaa limefungwa, tofauti hiyo yaendelea kidogo kidogo, ingawa shule zimefunguliwa.

Tena, tangu mwaka 2019 mtaala mpya wa umilisi ulipoanza nchi nzima, ujuzi wa kutumia vyombo hivi umehesabiwa kuwa miongoni mwa mambo saba ambayo kila mtoto apaswa kuyapata. Mtoto wetu atapimwa kwa jambo hilo, awe amekishika chombo au hajakishika.

Jambo la tatu: kazi hii ina matawi gani, na mtu huingiaje?

Tumeona matawi manne. La kwanza ni fundi wa vyombo. Huyu hufunga waya, huweka programu, hubadilisha betri, huweka nakala za masomo, na hutunza daftari la kila chombo. Kwa tawi hili mtu aweza kuanza na cheti cha ufundi, ambacho mara nyingi huanzia alama ya D, au diploma, ambayo huanzia C-. Vyuo vya ufundi vya serikali vyafundisha kazi hii, na nafasi hutolewa kupitia KUCCPS. Asiye na cheti lakini mikono yake yajua kazi aweza kuuliza NITA kuhusu mitihani ya ufundi, ile ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, ambayo wengi wetu hapa twaijua.

Tawi la pili ni msaidizi wa walimu, kama yule mwanamke tuliyemwona. Huyu lazima aijue mashine, lakini zaidi ya hayo aijue kazi ya kufundisha. Wengi walioingia humo walikuwa walimu kwanza. Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Kenyatta vina idara zinazofundisha elimu ya mawasiliano na vyombo vya kufundishia.

Tawi la tatu ni kutengeneza masomo yenyewe: kuandika, kurekodi sauti, kuchora, kupiga picha za kutembea. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliyoko Ngara, hutayarisha na kukagua masomo ya redio, ya televisheni na ya kompyuta. Humo mwenye Kiswahili safi na sauti nzuri ana nafasi sawa na mwenye kujua waya.

Tawi la nne ni kuwafundisha walimu walio kazini. Hapa hapa Karen tuna kituo cha CEMASTEA, kinachowafundisha walimu wa hesabu na sayansi. Asili yake ni mradi ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani. Wengi wetu hupita karibu na lango lake kila siku tukidhani ni hoteli. Tena hapa hapa Karen kuna chuo cha ufundi cha viziwi. Tulipokitaja, mzee mmoja alituambia neno la maana: mtoto asiyesikia hapotezi kitu redio inyamazapo, lakini kioo chenye picha na maandishi kikimpotea, amepoteza mwalimu. Tusiwasahau watoto hao tunapoulizia kazi hizi, wala tusiwasahau kama wafanyakazi. Mkono wa fundi hauhitaji masikio.

Jambo la nne, na hapa twaomba msikilize sana: masharti ya kazi.

Kijana wa mwenzetu mmoja aliandikwa kazi ya kuangalia kompyuta katika shule moja ya watu binafsi. Jina la shule hatulitaji. Alifanya kazi miezi 14. Alilipwa kwa siku, kama mkata nyasi wa siku moja. Shule ikifungwa, aliambiwa aje kusafisha vyombo na kuweka programu za muhula ujao, lakini malipo hayakuwapo, kwa kuwa "wanafunzi hawapo." Alipoomba barua ya kazi aliambiwa, "Wewe ni kibarua, barua ya nini?"

Ndugu, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema wazi. Kifungu cha 9: mkataba wa miezi 3 au zaidi lazima uandikwe, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Kifungu cha 37: kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotazamiwa kumalizika kwa chini ya miezi 3, hahesabiwi tena kuwa mtu wa siku. Kutunza kompyuta za shule ni kazi isiyo na mwisho, kama kutunza njia ya reli. Hakuna siku fundi wa njia atasema, "Nimemaliza reli."

Kijana huyu alikuwa na silaha moja. Tangu siku ya kwanza aliandika katika daftari kila chombo alichokitengeneza, tarehe, na mwalimu aliyemwita. Alikwenda na daftari hilo pamoja na mtu wa chama. Mkuu wa shule alilisoma kurasa tatu, akalifunga. Mwezi uliofuata kijana alipewa barua na mshahara wa mwezi. Malipo ya likizo za nyuma bado yabishaniwa, hatutawadanganya kwamba yote yamekwisha. Lakini barua anayo.

Katika shule za serikali wafanyakazi wasio walimu huandikwa na halmashauri ya shule, kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Maana yake ni kwamba mshahara wa fundi hutegemea mfuko wa shule ile. Shule maskini, ambayo yamhitaji fundi zaidi, ndiyo isiyoweza kumlipa. Na chama cha wafanyakazi wa mashuleni kipo, nacho ni KUDHEIHA, kile kile kinachowatetea wapishi wa shule, watumishi wa nyumbani na watu wa hoteli. Vijana hawa wa kompyuta wengi hawajiungi. Huvaa shati safi, hukaa mbele ya kioo, hujiona si wafanyakazi. Hivyo hivyo makarani wa zamani walijiona si wenzao watu wa gengi, mpaka siku walipofutwa kazi pamoja.

Jambo la tano: maonyo kwa mzazi.

Kabla ya kutoa senti, uliza chuo kama kimeandikishwa na TVETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013, na usikubali kuonyeshwa karatasi ukutani tu, nenda ukahakikishe mwenyewe. Uliza kama wanafunzi hushika vyombo, au husoma habari za vyombo katika vitabu. Omba uone karakana. Chuo cha ufundi kisicho na karakana ni kanisa bila waumini. Uliza waliomaliza mwaka jana wako wapi. Uliza kuhusu mkopo wa HELB, kwa sababu wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya serikali nao huruhusiwa kuuomba. Na yeyote akuambiaye kwamba baada ya miezi mitatu mwanao ataandikwa kazi na mshahara mkubwa, mshike mkono umsindikize mpaka barabarani.

Sasa, ndugu mtunza bustani, twaja kwako.

Kazi ni ya kweli. Binti yako kwa alama aliyopata aweza kuomba diploma katika chuo cha serikali. Usiuze ng'ombe wote wawili. Akipata nafasi na mkopo, huenda mmoja atatosha kuanza, na yule wa pili abaki, kwa sababu mwaka wa kwanza baada ya masomo utakuwa wa kutafuta, na mara nyingi huwa wa kibarua. Wakati anangoja nafasi, aende kwa yule mama karani. Tumekwisha kuzungumza naye na mwalimu mkuu. Wamekubali aje siku za Ijumaa ajifunze kuchaji, kusafisha na kuandika daftari. Hakuna mshahara, nasi tumesema wazi kwamba ni mafunzo, wala si kazi, na yataendelea wiki sita tu. Zaidi ya hapo ingekuwa kumtumia bure, nasi hatuwezi kukataza jambo kwa matajiri tukalifanya wenyewe.

Na kwenu nyote, Bwana Mwenyekiti, twaleta mambo matatu mkutano uyakubali au uyakatae. Moja, wazazi walio katika halmashauri za shule waulize katika kila mkutano: vyombo vingapi viko hai, na nani avitunza? Pili, kila kijana wetu afanyaye kazi hii aandike daftari tangu siku ya kwanza, na ajiunge na chama chake kabla ya shida. Tatu, vyama vyetu viombe pamoja kwamba fundi wa vyombo vya kufundishia awe na cheo na ngazi ya mshahara katika shule za serikali, hata kama fundi mmoja atazunguka shule tano, kama fundi wa ishara azungukavyo stesheni zake.

Wazee wa reli walituhadithia jinsi injini za dizeli zilivyokuja miaka ya 1960. Wachochea moto walioiona mapema wakajifunza kazi mpya walibaki. Waliosema "hayo ni ya wengine" walirudi kijijini na kofia zao. Mashine mpya haimwulizi mfanyakazi kama yu tayari. Lakini mfanyakazi aweza kuuliza mapema: nani atakushika, kwa mshahara gani, na kwa barua gani?

Tumetumwa, tumerudi, na tumesema. Kabati lile lingali na kufuli mbili. Ufunguo mmoja u kwa mwalimu mkuu. Wa pili, twaona, uko kwetu.